Faili la Saba

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kufagia uwanja, Mwadi alivuka barabara ya vumbi ya Musonoi akaenda kwenye chumba cha kwaya, nyuma ya kanisa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwayani alikuwa na kazi moja ambayo watu wazima walimwachia yeye: kutuma nyimbo kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kisanduku.

Kisanduku hicho kilikuwa cha kijivu, chenye vitufe kumi na sita vya mpira. Ukibonyeza kitufe, spika za kanisa zilitoa ngoma, gita au sauti yoyote iliyorekodiwa ndani yake. Kadi yake ya kumbukumbu ilikwama zamani, haikutoka tena, kwa hiyo njia pekee ya kuingiza wimbo mpya ilikuwa waya wa mtandao uliounganisha kisanduku na kompyuta.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni yaya Modeste, kama alivyomwita kaka yake mkubwa. Modeste ndiye aliyekuwa akirekodi midundo ya kwaya, nyumbani, jioni akitoka kuchimba. Mwaka uliopita handaki walimokuwa wakichimba shaba yeye na wenzake watatu lilibomoka. Watu walifukua siku nne, kisha wakaacha. Udongo ulikuwa mwingi mno. Familia haikuwa na kaburi la kupeleka maua. Tangu siku ile mama alilala chumba cha mbele, karibu na mlango.

Jumamosi hiyo tata Polycarpe, baba aliyeongoza kwaya, alikuwa amepanga nyimbo saba mpya kwa sikukuu ya parokia.

"Mwadi, mutoto wangu," alisema, "futa za zamani zote, uweke hizi. Kesho tunaanza upya."

Akatoka kwenda kupanga viti. Mwadi akaunganisha waya, akasubiri taa ya kijani iwake, akaanza kutuma. Faili la kwanza lilifika. La pili, la tatu, hadi la sita, yote yalifika. La saba lilikwenda hadi asilimia sitini likasimama. Akachomoa waya, akauchomeka tena, akatuma mara ya pili. Likasimama palepale. Kwenye kompyuta yaliandikwa maneno mafupi: *Haijakamilika. Nafasi haitoshi.*

Alijua maana yake. Kisanduku kilikuwa kimejaa, kwa sababu nyimbo za Modeste zilikuwa bado zimo. Alitakiwa azifute kwanza. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akayaangalia majina ya mafaili, moja baada ya jingine, yote yakiwa yameandikwa na kaka yake. Kidole hakikubonyeza.

"Yote yamefika?" tata Polycarpe aliuliza kutoka mlangoni.

"Yote, tata."

"Na ya zamani umefuta?"

"Nimefuta."

Maneno yalitoka upesi kuliko alivyotarajia. Akazima kompyuta, akaenda nyumbani.

Kesho yake kanisa lilijaa. Kabla ya kuimba, tata Polycarpe aliwaambia waumini kwamba kwaya imeanza ukurasa mpya. Nyimbo za zamani zimeondolewa zote. Nyimbo sita zilikwenda vizuri. Alipobonyeza kitufe cha saba, ngoma zilizotoka hazikuwa zile walizojifunza. Zilikuwa za polepole, na kila mtu alizijua. Waimbaji wengine wakaanza, wengine wakanyamaza. Ngoma zikakatika, na sauti ya kijana ikasema kwenye spika, taratibu, kama mtu aliye chumba cha pili:

"Mama, ungoje, niko nakuja."

Mtoto mmoja akaanza kulia, akabebwa nje. Kwenye benchi la tatu mama yake Mwadi alisimama, akaangalia juu kwenye spika, halafu mlangoni, halafu akakaa tena polepole. Mwadi alijua ni rekodi. Lakini hata yeye, aliyejua, nywele zilimsimama.

Nje ya kanisa watu walisema chinichini. Tata Ezéchiel, mzee aliyeimba sauti ya besi, alisema wazi: "Kisanduku kilifutwa. Mutoto mwenyewe alikifuta. Basi ile sauti imetoka wapi? Modeste hakuzikwa. Hajapumzika."

Wote wakamgeukia Mwadi. Alipaswa kusema pale pale. Akaangalia viatu vyake.

Jumatatu mama hakwenda sokoni kuuza mihogo yake. Alipika bukari, ugali wao, na sombe, mboga ya majani ya mihogo, akapakua sahani moja ya ziada, akaifunika kwa kitambaa, akakaa mlangoni akitazama njia ya kwenda mashimoni, kunakochimbwa shaba.

"Mama, unangoja nani?" Mwadi aliuliza.

"Aliniambia ningoje," mama akajibu, kana kwamba ni jambo la kawaida.

Jumanne ilikuwa vilevile. Sahani ilifunikwa, ikapoa, ikatupwa. Kila upepo ulipolitikisa bati la mlango, mama aliinua kichwa. Majirani walipita haraka bila kusimama kusalimia. Mwadi aliporudi kutoka shuleni alihisi kama nyumba nzima inasikiliza kitu, akawa anatembea kwa vidole. Mara tano alifungua mdomo aseme. Mara tano aliona haya: angesemaje kwamba alimdanganya tata Polycarpe, na kwamba alinyamaza mbele ya watu wote?

Jumatano, aliporudi kutoka shuleni kabla ya adhuhuri, mlango ulikuwa wazi na mama hayumo. Sahani pia haikuwepo.

Mwadi alikimbia kwenye njia ya mashimoni. Alimwona mama kwa mbali, amesimama ng'ambo ya kamba nyekundu ya kuzuia watu, mahali ambapo ardhi imepasuka na kushuka hadi chini kabisa ya shimo. Sahani ilikuwa mikononi mwake. Wakati huohuo king'ora kilianza kulia. Kila mtu wa Musonoi alijua king'ora hicho: baada ya muda mfupi baruti ya mgodi ingelipuka, na kingo za shimo zingetikisika.

"Mama, rudi," Mwadi aliita.

"Niache. Anasema anakuja. Tukimwacha peke yake tena, nani atamwonyesha njia?"

Mwadi akapita chini ya kamba, akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili, akavuta. Mama alikuwa mzito kama jiwe. Ndipo Mwadi akasema, huku akilia:

"Mama, sauti ile ni yaya alirekodi. Iko ndani ya kisanduku. Tata Polycarpe aliniambia nifute, mi sikufuta. Nilisema uongo. Ni mimi, mama. Si yeye."

Mama akamtazama. Kisha akaanza kutembea kurudi. Walikuwa wamefika kwenye nyumba za kwanza mlipuko uliposikika nyuma yao, na vumbi likapanda. Walipogeuka, kipande cha ukingo alipokuwa amesimama mama hakikuwepo.

Mama akasema, "Unasema hivyo ili nirudi nyumbani."

"Hapana, mama. Njoo usikie mwenyewe."

Chumba cha kwaya kilikuwa kimefungwa. Mlinzi aliwaambia kwamba tata Polycarpe amepeleka kisanduku mjini Kolwezi, kwa mama Brigitte fundi wa kompyuta. Kamati ya kwaya ilikuwa imekubaliana na tata Ezéchiel: kifutwe chote ndani, kisibaki kitu.

Mwadi akamvuta mama mkono. Kikifutwa, sauti itapotea, na mama hataamini kamwe. Wakapanda teksi-moto, pikipiki ya abiria, wote wawili nyuma ya dereva, hadi karakana ya mama Brigitte karibu na soko.

Mama Brigitte alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kisanduku kilikuwa mezani mbele yake, na tata Polycarpe amekaa kando.

"Kompyuta yangu haikioni kabisa," fundi alikuwa akisema. "Nimejaribu saa nzima. Basi nitabonyeza hivi vitufe viwili pamoja, kitajifuta chenyewe."

"Tafadhali, mama, usibonyeze," Mwadi alisema.

Akasimama katikati ya chumba, akasema yote: faili lililosimama asilimia sitini, maneno yaliyoandikwa, majibu mawili ya uongo aliyotoa, na ukimya wake nje ya kanisa. Tata Polycarpe alivua kofia yake, akaishika magotini. Hakumkaripia. Hilo lilimuumiza Mwadi zaidi.

"Nilitangaza mbele ya watu wote kwamba zimefutwa," alisema hatimaye. "Nilisema kwa sababu wewe uliniambia."

Mama Brigitte akasogeza kiti. "Tutalia baadaye. Kwanza tukitoe alichoacha kijana. Wewe unajua kwa nini kompyuta haikipati?"

Mwadi akapangusa macho. "Anwani yake, mama. Kisanduku hiki kina namba yake ya mtandao, haibadiliki. Yaya aliiandika chini."

Wakakigeuza. Namba ilikuwa pale, kwa wino wa bluu. Mama Brigitte akaipa kompyuta yake namba inayofanana, tofauti mwishoni tu, ili vyombo viwili viwe kwenye njia moja. Majina ya mafaili yakajitokeza.

"Ona," fundi alisema, akionyesha kwa kalamu. "Namba saba ziko mbili. Hili jipya ni dogo kuliko lile mlilotuma, limekatika, halisomeki. Na hili la zamani ni zima. Ulipobonyeza kitufe cha saba, tata, kisanduku kilishindwa kusoma jipya, kikachukua lililosomeka. Hakuna zaidi."

Wakaanza kulivuta faili la zamani lije kwenye kompyuta. Likafika nusu, likasimama. Lakini safari hii nafasi ilikuwa tele. Mama Brigitte akagusa ncha ya waya, taa ikazimika na kuwaka. "Waya umelegea," alisema, akatoa mwingine kwenye droo. Mara ya pili faili lilikuja lote. Kabla ya kushangilia alilinganisha ukubwa wa faili kwenye kisanduku na kwenye kompyuta. Ulikuwa sawasawa.

Akamvalisha mama yake Mwadi vifaa vya masikioni, akacheza.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Kanisani spika zilikuwa na mvumo na waimbaji walikuwa wakiguna. Ni maneno ya mwisho tu yaliyosikika. Hapa kulikuwa kimya. Ghafla mama akainua mkono.

"Rudisha," alisema.

Fundi akarudisha.

"Huyo ni mimi," mama alinong'ona. "Kabla hajasema. Mbali, uwanjani. Niko namwita: Modeste, bukari inapoa."

Akavua vifaa vya masikioni, akampa Mwadi. Mwadi akasikia ngoma zikikatika, kuku wakilia nje, na sauti ya mama kwa mbali ikiita. Halafu Modeste akajibu, karibu kabisa: "Mama, ungoje, niko nakuja." Kisha kiti kikaburutwa, na rekodi ikaisha.

"Alikuja," mama alisema. "Siku ile alikuja. Alikula, akaomba aongezewe." Akaweka sahani, ambayo muda wote alikuwa ameishika, juu ya meza ya fundi, akafunika uso kwa kitenge, akalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu handaki libomoke. Tata Polycarpe alitoka nje akasimama mlangoni, mgongo wake umewaelekea.

Walipomaliza, walirudi wote kwenye chumba cha kwaya, na mama Brigitte akahifadhi nyimbo zote za Modeste mahali pawili: kwenye kompyuta ya kwaya na kwenye kijiti kidogo cha kumbukumbu alichompa mama yake Mwadi. Ndipo Mwadi mwenyewe akabonyeza kitufe cha kufuta, akatuma faili la saba upya. Likafika lote, asilimia mia.

"Kisanduku hakikuwa na kosa," fundi alimwambia. "Kiliandika *haijakamilika*. Kilisema ukweli, mutu ndiye alidanganya. Kazi ikigoma, sema imegoma. Hakuna fundi anayeweza kutengeneza kitu alichoambiwa ni kizima."

Jumapili iliyofuata, kabla ya misa, tata Polycarpe alimwita Mwadi mbele. Mwadi akawaeleza watu kilichotokea, bila kuruka sehemu yake. Tata Ezéchiel alikohoa, akasema kwamba hata yeye alisema sana asichokijua. Wimbo wa saba ukaimbwa, mpya, mwanzo hadi mwisho.

Njiani kwenda nyumbani mama alimshika Mwadi bega.

"Ulitaka kumlinda kaka yako," alisema. "Hilo sikulaumu. Ungeniambia, tungeilinda sauti yake pamoja, siku ileile. Uliponyamaza, ulimfanya azunguke kwenye vichwa vya watu kama mtu asiye na kwao. Ukweli ungeniliza siku moja. Uongo wako ulinisimamisha ukingoni mwa shimo. Ukiwa na jambo zito, mwanangu, lilete nyumbani likiwa bado dogo."

"Nimesikia, mama."

"Basi. Kesho unisaidie kubeba mihogo. Nimekosa soko wiki nzima."