Stika Niliyoibandika Bila Kupima

Ndugu wasomaji, nina miaka thelathini na saba, watoto wawili, na kwa kazi nilikuwa fundi wa vifaa tiba. Wengi hamtujui. Daktari mnamjua, nesi mnamjua, lakini mashine ikizima wodini ni sisi tunaoitwa. Niliringia kazi ile, siwafichi!

Mafundi wa kanda yetu tuna chama. Tunafundishana, na kila baada ya miezi michache tunazunguka hospitalini kupima mashine za oksijeni. Mashine hizo zina hila jamani! Itanguruma vizuri, taa itawaka, kumbe inatoa hewa ya kawaida tu kama hii ya barabarani. Bila kipimo huwezi kujua. Kwa Tarime na Serengeti chama kilikuwa na kipimo kimoja tu, na kwa kuniamini wakanikabidhi mimi. Mashine ikifaulu, unabandika stika ya kijani na kusaini. Nesi akiiona, anamweka mgonjwa bila wasiwasi.

Wakati huo dhahabu ilikuwa imepamba moto kule Matongo. Kila mtu alijiona anachelewa! Mume wangu Marwa alifunga duka lake la mbegu Tarime mjini, akaingia ubia kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Lilikuwa refu, hewa ya chini nzito. Siku moja mchimbaji alivutwa kwa kamba akiwa amezimia, na wenzake wakagoma kushuka.

Marwa akaniangukia. "Mama Robi, kile kidude chako si kinapima hewa? Niazime siku mbili tu, watu washuke."

Nilikataa. Kweli nilikataa! Nilimwambia ni mali ya chama, ni cha wagonjwa. Akanuna wiki nzima, chakula changu hakigusi. Halafu akabadilika, akaanza kunichorea nyumba tutakayojenga, sebule hapa, jiko pale... Nami nilikuwa nimechoka kuishi kwenye nyumba ya kupanga. Nikampa.

Siku mbili zikawa mwezi. Kila nikiuliza naambiwa kiko chini na watu, subiri. Duru ya ukaguzi ikafika, zamu yangu ikiwa hospitali moja upande wa Serengeti. Nikapanda bodaboda hadi Matongo kukifuata. Nikakikuta kimejaa tope, hakiwaki! Marwa akacheka, eti watanunulia chama vipya kumi.

Kwa nini sikumpigia simu mwenyekiti wetu? Aibu. Ningemwambia nini mzee aliyenifundisha kazi? Nikaenda mikono mitupu. Nikasafisha vichujio, nikasikiliza ngurumo, nikanakili namba za ukaguzi uliopita, nikabandika stika kwenye mashine zote tatu. Nesi mkuu akanikaribisha chai, nami bila haya nikainywa.

Wiki chache baadaye mdogo wangu Gati akanipigia simu. Ameolewa hukohuko Serengeti, na mimba mbili zilikuwa zimeshamharibikia. Hii ya tatu uchungu ulikuja kabla ya wakati. Akaniuliza aende hospitali gani.

Nafsi yangu ilijua... Lakini kumwambia asiende pale kungekuwa kujisema mwenyewe! Nikamwambia nenda, mashine za pale nimezikagua mimi.

Akajifungua mtoto wa kiume, mdogo, anapumua kwa taabu. Wakamweka kwenye oksijeni. Nilipofika kesho yake, jambo la kwanza nililoliona lilikuwa saini yangu ubavuni mwa mashine. La pili, midomo ya mtoto imekuwa ya bluu. Manesi walizidi kuongeza hewa, wakisema ni mapafu hayajakomaa.

Gati akanishika mkono. "Maadamu umekuja, dada, siogopi tena."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikapiga kelele, "Toeni hiyo mashine! Leteni mtungi!"

Mtungi wa oksijeni ukaletwa kutoka chumba cha upasuaji. Midomo ikaanza kurudiwa na rangi, nikamshukuru Mungu kwa sauti... Lakini mtoto alikuwa amechoka mno. Hakufika jioni.

Nesi mkuu akanivuta pembeni. Aliniuliza swali moja tu, "Ulijuaje?"

Nikatoka nje, nikampigia simu mwenyekiti. Chama kikamleta fundi kutoka Musoma na kipimo chake. Mashine mbili zilikuwa nzima. Ile ya tatu, aliyowekewa mtoto wa Gati, ilikuwa inatoa hewa ya barabarani. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, hakunifokea, akavua miwani akajifuta macho. Wakanifuta uanachama, na kazi nikafukuzwa. Duara la Marwa halikutoa kitu, naye akahamia kwingine kulikosikika dhahabu, akatuacha.

Hayo yote nayameza. Kwa Gati nilikwenda mwenyewe, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza huku akikunja nguo za mtoto ambazo hazikuvaliwa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa anatafuta hewa tu?"

Nikasema ndiyo.

Akaingia ndani, akafunga mlango. Huu ni mwaka wa pili. Nimekwenda mara nyingi, nabisha hodi, nasikia nyayo zake, hafungui. Daktari aliniambia labda mtoto asingepona hata kwa mashine nzima. Labda! Neno hilo linanitafuna kuliko kufukuzwa, maana sitajua hadi naingia kaburini.

Fundi mwenzangu unayesoma haya, nakupigia magoti. Kama hukupima, usisaini! Kifaa kikipotea, sema kimepotea. Andika kwenye karatasi "haijapimwa", ibandike, uondoke. Utafokewa, utaaibika mbele ya wenzako, pengine utaadhibiwa. Lakini ukibisha hodi kwa mdogo wako, atakufungulia.