Niliketi Nyuma ya Pazia, Wenzangu Wakazikwa Bila Ukaya

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arubaini na mmoja. Nakaa Kuze, Mombasa, katika chumba kimoja cha nyumba aliyoniachia marehemu mamangu. Sina mume. Nina mjukuu wa kike wa miaka sita, ambaye mamake hakuwahi kumwona akitambaa. Haya ninayowaeleza nimekaa nayo kifuani tangu wakati wa vita vya pili vya Wazungu, na nilikusudia kwenda nayo kaburini. Lakini siku hizi nasikia wanawake wa mitaa mingine wanaanza kuitwa kwenye vikao vya wanaume, nao wafurahi kama nilivyofurahi mimi... Nikinyamaza tena nitakuwa mtu wa namna gani?

Marehemu babangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi elimu yake yote akanimiminia mimi. Nilisoma, nikaandika, nikajua masuala ya dini ambayo wanaume wengi wa mtaani hawayajui. Na nilijijua kuwa najua! Hilo nalo nalikiri, maana kiburi changu kina sehemu yake katika mkasa huu.

Niliolewa na fundi wa kushona kanzu, jina lake Athmani. Alikuwa mtu nadhifu, mpole mbele za watu. Ndani ya nyumba alikuwa mwingine. Talaka ya kwanza alinipa kwa sababu ya chakula kuchelewa, kisha akanirejea. Ya pili alinipa kwa sababu nilimsahihisha aya mbele ya wageni wake, nayo akanirejea. Nikabakiwa na talaka moja. Dada zangu mlio katika ndoa mnaelewa maana yake... Ya tatu haina marejeo. Kila nilipotaka kufungua mdomo, niliikumbuka hiyo moja iliyobaki, nikaufumba.

Vita vilipokolea, nguo ziliadimika. Kanga mpya tukazisahau. Lakini lililotuumiza zaidi ni bafta, ile nguo nyeupe ya sanda. Haikununuliwa tena ovyo. Mtaani kwetu iliundwa kamati ya wanaume saba, na mume wangu akiwa mmoja wao. Aliyefiwa alikwenda kwao, akapewa cheti, akakipeleka katika duka la nguo la Mhindi mmoja wa Kibohora, akakatiwa. Na kamati iliamua kila maiti apewe vipande vitatu, mwanamume na mwanamke sawasawa.

Tatu ni sanda ya mwanamume! Mwanamke sunna yake ni tano: kuna kipande cha kujifunga kiunoni, kuna kanzu, kuna ukaya wa kichwani, kisha mashuka mawili. Najua kisheria hata kimoja kinachomsitiri mtu chatosha wakati wa dhiki, na wanaume hawakuchoka kutukumbusha hilo. Lakini fikirini. Mwanamke aliyefunika kichwa maisha yake yote, safari ya mwisho anatolewa bila ukaya! Nani aliyeulizwa? Mwanamke gani aliyeitwa akaambiwa, hebu tushauriane?

Rafiki yangu Mishi, tuliyesoma naye chuoni tangu utotoni, alikuwa mwosha maiti wa kike. Alikuwa mjane, mkali wa maneno, moyo wake mweupe. Siku moja alimwosha bibi kizee jirani yetu, akatoka chumbani akilia mbele ya watu. Alisema alifika kichwani akakosa cha kumfunika, akavua mtandio wake mwenyewe akakata kipande. Wanawake waliokuja kwenye hitima wakawaka moto. Mishi akanishika mkono akasema:

"Wewe ndiwe uliyesoma. Tuandikie barua, nasi sote tutatia dole gumba."

Nikaandika. Kumbe ile barua ilimfikia Mzungu aliyesimamia ugawaji wa nguo, naye akaiambia kamati kwamba wanawake wachague mmoja wao, akae humo kuwasemea. Hatukuamini! Wanawake walikutana uani kwa Mishi, wakanichagua mimi kwa sauti moja. Walinipigia vigelegele siku hiyo kama bibi harusi.

Athmani hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akasema:

"Wataka kukaa baraza moja na wanaume? Haya. Utakaa nyuma ya pazia. Neno lako utaniambia mimi kwa sauti ya chini, nami nitalifikisha. Siku sauti yako ikisikika upande wa pili, hesabu umeachika."

Wenzake kamatini waliliona sharti hilo kuwa la heshima kubwa. Mimi nami nilijiambia, si kitu, muhimu neno lifike. Maji nimekwisha kuyavulia nguo, sina budi kuyaoga. Laiti ningalijua!

Kikao kilikuwa kila Alhamisi baada ya alasiri, katika chumba cha nje cha nyumba ya mwenyekiti. Siku ya kwanza nilivaa buibui langu jipya, nikakaa kwenye mkeka nyuma ya pazia. Ilipofika zamu yetu, nilimwambia mume wangu pole pole: wanawake waomba vipande vitano, na kama havipatikani, basi angalau ukaya usikose, maana ni kipande kidogo tu.

Nikamsikia Athmani akikohoa. Kisha akasema, kwa sauti tulivu kabisa, kwamba wanawake wanawashukuru wazee wa kamati kwa taabu wanayoipata, wanaelewa kuwa ni wakati wa vita, na wameridhika na vitatu.

Jamani! Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Pazia lenyewe lilikuwa kanga kuukuu iliyotundikwa kwa kamba. Neno moja tu, "Sivyo!", lingetosha. Nilifungua mdomo... nikaikumbuka ile talaka moja... nikaufumba. Wakaendelea na mambo mengine, nami nikabaki nikiutazama mkeka.

Je, nilipotoka niliwaambia nini wenzangu waliokuwa wakiningoja? Niliwaambia nimesema sana, nimetoa na hoja za kitabu, lakini wanaume wamekataa. Wakanipa pole! Wakasema, kweli tumepata msemaji. Tangu siku hiyo nikawa Bi Kamati. Kwenye harusi nilikaribishwa mbele, kwenye maulidi nilitiwa udi wa kwanza. Na nilivipenda vyeo hivyo, sitaki kuwadanganya. Kila Alhamisi nilikwenda kunong'ona, kila Alhamisi mume wangu aliyageuza maneno yangu, na baadaye hata kunong'ona nikaacha. Nilikwenda kukaa tu.

Na wanawake wakazidi kuzikwa vile vile.

Mishi hakuwa mtu wa kupumbazwa. Alikwenda hadi Mbaraki gatini, mchana kweupe, akamwuliza karani mmoja wa bandarini aliyekuwa jamaa yake kama bafta huwa inakuja. Karani akamwambia inakuja, si nyingi lakini haijakatika, na ya mtaa wetu hufika dukani. Mishi akaja kwangu mbio. Alisema Alhamisi inayofuata nimchukue, asimame mwenyewe mbele ya kamati, aseme aliyoyasikia na kuyaona. Macho yalimng'aa kwa furaha, alidhani ananisaidia!

Mimi nikaona mwisho wangu. Mishi akisimama pale, atasema kuwa nimekuwa nikiomba vitano kwa miezi, na wanaume watamshangaa, na uongo wangu utajulikana. Basi nilifanya nini mimi, binti wa mwalimu? Nilimwambia mume wangu. Nilimweleza yote, mpaka lile la Mbaraki.

Siku ya tatu mtaa mzima ulikuwa umejaa habari kwamba Mishi mjane anakwenda gatini kufuata mabaharia. Barazani wanaume walicheka, wakasema ndiyo kazi ya mwanamke anayetaka mambo ya kiume: akitoka nje kusema, basi ametoka nje kwa mengine pia. Mtu aliyewasitiri mama zao na dada zao kwa mikono yake! Kakake akamkataza kutoka. Nyumba zikaacha kumwita, maana walisema hawezi kumtwaharisha maiti yeye asiye safi. Wanawake wachache walinijia, wakaniuliza: wewe ni rafiki yake wa utotoni, kuna ukweli wowote?

Nikainamisha kichwa tu, wao wakaelewa walivyoelewa.

Haikupita miezi mingi. Mtoto wetu wa pekee, Nuru, aliyekuwa ameolewa akiwa na miaka kumi na saba, alishikwa na uchungu. Mtoto akatoka salama, mama akatokwa na damu isiyozuilika. Saa nne za asubuhi akakata roho, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Waswahili husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi mjukuu na majuto vilinifikia siku moja.

Nilisema jambo moja tu: nileteeni Mishi. Watu wakatazamana. Lakini akaja. Alivua buibui, akanawa, akanipa mkono wa tanzia bila kuniangalia usoni, akaingia chumbani na wanawake wawili wa kumsaidia. Mimi nikawa mlangoni.

Ndipo Athmani akaleta furushi la sanda kutoka dukani, akalipitisha mlangoni, macho yake mekundu kwa kulia. Mishi akalifungua, akaanza kutandika. Shuka moja. Shuka la pili. Kipande cha kiunoni. Kanzu. Halafu akakunjua kile kidogo cha mwisho, akakishika mkononi. Ukaya! Bafta mpya, nyeupe, ingali na mikunjo ya dukani.

Mmoja wa wale wanawake alikuwa amemzika mamake mwezi uliopita, kwa vitatu.

"Kumbe iko," alisema Mishi.

Hakusema kwa hasira, na bora angenipiga. Nilianguka pale mlangoni nikishika miguu yake, nikamwambia asimwadhibu mwanangu kwa dhambi zangu. Akanijibu:

"Mwanao hana kosa. Inuka, utatia maji najisi."

Akamwosha Nuru kwa utaratibu wote, akamvika kanzu, akamfunga ukaya vizuri sana. Mwanangu akatoka akiwa amesitirika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba amesitirika! Nilijua ile ni haki ya watu wengine, na sikuitoa. Mama gani angeitoa? Lakini wanawake walipoondoka, walipita mbele yangu mmoja mmoja, na hakuna aliyeniita Bi Kamati.

Hitima ilipokwisha, Alhamisi iliyofuata nilikwenda kikaoni. Sikukaa kwenye mkeka. Nililisukuma lile pazia, nikasimama mbele yao wote saba, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe. Nilisema bafta ipo, mwanangu amezikwa kwa vitano. Nilisema wanawake hawajaridhika hata siku moja, mume wangu ameyageuza maneno yangu tangu kikao cha kwanza. Nilisema Mishi amesingiziwa, na aliyepeleka habari zake ni mimi.

Athmani alisimama. Akanipa ya tatu pale pale, na mashahidi wakiwa sita. Ajabu ni kwamba haikuniuma. Miezi yote ile niliiogopa, na ilipokuja nikaona ni neno tu.

Kilichoniuma kilitoka kwa mwenyekiti. Alikuwa mzee mtaratibu, hakunitusi. Alifungua daftari la kamati, akanisomea. Kikao cha kwanza: upande wa wanawake, wameridhika. Cha pili: wameridhika. Miezi minane, ukurasa baada ya ukurasa, wameridhika, wameridhika... Akalifunga, akaniambia:

"Binti yangu, ulikuwapo na ulisikia. Hata katika ndoa, mwali akiulizwa akanyamaza, tunafunga nikaha. Kimya chake ndiyo ridhaa yake. Leo watwambia nini?"

Nikatoka, nikapita pale pale penye pazia.

Nafasi ya mwanamke katika kamati ikafutwa siku hiyo hiyo. Walimwandikia Mzungu kwamba wanawake walijaribiwa, ikaonekana hawana la kusema isipokuwa fitina za nyumbani. Vipande vikabaki vitatu mpaka vita vikaisha.

Mwaka jana wanawake wa mtaa wetu walipeleka ombi jipya, wakitaka mmoja wao akae katika kamati ya mifereji ya maji, kwa kuwa wao ndio wanaoteka. Barua hiyo niliiandika mimi, wala sikutia jina langu. Jibu lilirudi baada ya siku chache tu. Waliambiwa kwamba mtaa huu uliwahi kumkalisha mwanamke katika kamati, tena aliyesoma, akakaa miezi minane asilalamike hata mara moja. Basi haja ya mwingine ni ipi?

Mishi ndiye aliyeisoma barua ya jibu mbele ya wenzake. Alipofika pale alinyanyua macho, akanitazama, kisha akaikunja.

Dada zangu, nawasihi. Mtaitwa, na mtawekewa pazia, na pazia hilo mtaambiwa ni heshima. Mtaambiwa kuna mtu atakayewafikishia maneno yenu. Msikubali! Na wewe unayekubali kwa sababu unaogopa mumeo kama nilivyomwogopa wangu, sikulaumu. Hofu naijua. Lakini usiende kukaa. Baki nyumbani, mwachie mkeka mwenzako anayethubutu kusema. Mkeka mtupu wangetuuliza habari zake. Nilipoukalia mimi, hawakuwa na haja ya kuuliza tena.