Sanduku la Agatha Lilipojaa

Nyumbani kwa Mzee Barnaba, kule Lupaso, barua zilikuwa hazitupwi. Hata mwaliko wa arusi ya watu walioachana zamani ulikuwa bado umo kwenye debe la barua. Binti yake Agatha alikua akiona hivyo.

Mwaka 2003 Agatha alifunguliwa sanduku la barua pepe, na huko nako akafanya vilevile. Kila Jumamosi alikwenda Masasi mjini, kwenye intaneti kafe ya Mama Ashiru, kusoma barua za kaka yake Silvano. Silvano alikuwa mpishi melini, na kwa miaka sita hakuwa ameonana na baba yao. Huko Lupaso simu zilikuwa hazishiki.

Agatha hakufuta kitu. Matangazo ya saa za mkono, barua za watu asiowajua za kumwambia ameshinda bahati nasibu, picha zilezile za kwaya mara nne, zote alizitunza kama mali.

Msimu wa korosho ulipofika, barua za Silvano zikakatika.

"Kaka yako ameandika?" baba aliuliza kila Jumamosi.

"Bado, baba."

"Basi kazi zimemzidi."

Januari ikaja barua ya karatasi, kwa posta. Agatha alimsomea baba yake.

"Meli yetu ilipakia korosho Mtwara siku mbili. Hatukuruhusiwa kwenda mbali. Niliwaandikia mje tuonane kwenye geti la bandari, lakini barua pepe ilirudi mara tatu. Sanduku lako limejaa, Agatha. Nilisimama pale nikimwangalia kila mzee anayepita."

Mzee Barnaba aliichukua barua, akaitia kwenye debe. "Pengine korosho zetu zilikuwemo," akasema. Hakumlaumu binti yake. Agatha aliumia zaidi, afadhali angegombezwa.

Jumamosi akaenda kwa Mama Ashiru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea?"

Agatha akaeleza, kisha akauliza, "Kila wiki ulikuwa unaniona. Mbona hukuniambia?"

"Sichungulii barua za watu. Ungeniuliza." Mama Ashiru akavuta kiti. "Sanduku hili ni dogo. Likijaa, halipokei tena. Weka alama kwenye vijumba vilivyo kando ya barua usizozitaka. Sasa bonyeza pa kufuta."

"Zimekwisha?"

"Bado. Zimehamia kwenye pipa la taka, humohumo ndani. Pipa nalo limwage."

"Na hawa wa bahati nasibu?"

"Usiwafungue. Futa tu."

"Na za Silvano?"

"Hizo ndizo za kutunza."

Agatha alifuta mpaka sanduku likawa jepesi. Siku hiyohiyo alimwandikia kaka yake, naye akajibu.

Lakini masika baba yao aliugua, akafariki. Kumwarifu Silvano ikawa kazi ya sanduku hilohilo.

Novemba barua ikaingia bila kikwazo: "Tunafika Mtwara Jumanne." Agatha alikuwa getini tangu asubuhi. Silvano alimkumbatia, kisha akaangalia nyuma yake, ingawa alijua.

"Hili nilimletea baba mwaka jana," akasema, akitoa shati jeupe begini.

"Nisamehe, kaka."

"Tulikosa zile siku mbili tu, Agatha." Wakalia wote wawili.

Jumamosi iliyofuata Agatha alifuta matangazo kumi na moja, akamwaga na pipa. Barua ile ya Jumanne aliiacha.