Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Vuta kigoda ukae, na simu iweke chini, maana hii ukiisikia nusu utasema ni uongo.

Dada mmoja alipaka rangi chumba alichofia mama yake, ili nyumba iuzike. Kuta tatu zikakauka. Wa nne, wa upande wa kichwa cha kitanda, ukabaki mbichi. Kesho yake mbichi. Keshokutwa akaugusa: vuguvugu, kama shavu la mtu mwenye homa.

Hakushtuka. Tangu mazishi alikuwa halii, haogopi, chakula anakitazama tu. Akafuta kidole kwenye gauni, akaendelea kupiga deki.

Wanunuzi wa kwanza walifika mlangoni pa chumba hicho, wakasikia kitu kinakwaruza ndani ya ukuta, na harufu ya nywele zinazoungua. Ghafla wakakumbuka wana safari.

"Nyumba isipouzika nitabaki na hicho kitu peke yangu," Dada akamwambia mdogo wake, Chepe, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Wewe una kwako. Mimi nalala jikoni."

Chepe mdomo wake hauna breki. Akaugonga ukuta. "Wewe mzee wa humo! Tulia basi, tukuletee watu wapya. Damu changa!"

"Chepe, acha," Dada akanong'ona.

"Si utani tu, Dada!"

Kukwaruza kukakoma. Hapo hapo.

Asubuhi ukuta ulikuwa mkavu, mweupe pee, na chumba kinanukia marashi ambayo hakuna aliyeyanunua. Chepe hakucheka tena.

Mchana wakaja mume na mke na binti yao mdogo. Mke akafungua makabati, mume akajaribu mabomba, wote wanatabasamu. Mtoto hayupo. Dada akamfuata chumba cha nyuma, taratibu, miguu kama ya kuazima, akamkuta ameegemeza shavu ukutani anaitikia kwa kichwa kama anayefundishwa kitu, na pale shavu lake lilipogusa rangi kulikuwa na shavu jingine limevimba kutoka ndani kuja kulipokea, halafu jicho, limefumba, halafu ile harufu ya nywele ikapenya chini ya marashi, na Dada akasimama anatazama yote hayo kama anatazama maji ya jirani yakichemka.

"Unaongea na nani, mama?" Dada akamuuliza mtoto.

"Na huyu wa ukutani," mtoto akasema polepole. "Anasema mimi nikihamia hapa, wewe atakuachia uende. Anasema umechoka."

Ni kweli. Alikuwa amechoka.

Baba mtu akachungulia. "Dada, tumeipenda. Tena leo leo tunamaliza. Ila niambie ukweli, mimi nina mtoto: nyumba ina tatizo lolote?"

Nyuma yake Chepe anatikisa kichwa: usiseme. Ukutani, jicho likafumbuka, likamtazama Dada, likingoja na lenyewe.

Dada akafungua mdomo.

Haya, wewe uliyekaa hapo. Ungemjibu nini?