Bangili Iliyowaona Wote Wagonjwa

Bangili-tabibu ilimdunga Mwanamkasi mkononi bila yeye kuhisi, ikalamba tone la damu, ikahesabu kingamwili, kisha ikapenyeza dawa chini ya ngozi. Yote kwa muda wa kumeza mate. Tanga nzima ya zama zile iliisifu.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kinga kumgeukia mwenye mwili: askari wa damu walilishambulia ini lake kana kwamba ni mwizi. Dawa iliwatuliza. Kingamwili zikizidi kipimo, bangili ilipandisha dozi, zikipungua, iliishusha. Mdogo wake Rukaiya, fundi wa mitambo ya hospitali, ndiye aliyemvalisha kwa mkono wake.

Mwezi wa pili macho yaliacha unjano. Lakini bangili haikushusha dozi, ilizidi kuipandisha. Uso wa Mwanamkasi ukajaa ukawa duara, na mtaa haukukosa la kusema. "Shoga, ndoa imekukubali," walimwambia. Kumbe ni dawa, inamvimbisha uso huku inamla mifupa. Siku alipoinua sufuria ya pilau kwenye harusi ya jirani, mgongo ulilia kama ukuni mkavu. Pingili mbili zikabonyea.

Ndipo nyumba ikajaa. Mtaani kwao Ngamiani mgonjwa hajuliwi hali kwa simu. Walikuja wanawake kumi na tisa, na masinia yao, na umbea wao. Rukaiya alikaa katikati yao na bangili ya akiba mkononi, keshaanza kuishuku mashine.

"Nani hapa mzima kabisa?" akauliza.

"Mimi nimebeba ndoo sita tangu asubuhi," akasema jirani yao, Bi Mwantumu.

"Lete mkono."

Taa nyekundu: mgonjwa. Rukaiya akaivua kabla haijapenyeza dawa. Akaja wa pili, nyekundu. Wakapita wote kumi na tisa, hata mmoja hakupona.

"Wagonjwa gani hawa," Mwanamkasi akasema kutoka kitandani, "na sinia la tatu wameshalilamba?"

Rukaiya akafungua kumbukumbu za mashine. Kipimo cha "mzima" kilichukuliwa kwa watu wa nchi za baridi, wasioijua malaria. Watu waliokulia kwenye mbu, kingamwili zao huwa juu hata wakiwa wazima. Mashine ilikuwa ikimsubiri dada yake awe na damu ya mtu mwingine.

Kuikata dawa ghafla kungemuua. Ilitakiwa ishushwe polepole, na ufunguo wa kipimo alikuwa nao wakala wa kampuni, Bwana Shemdoe. Alipoitwa akaja, kajipulizia manukato.

"Kipimo ni cha kitaalamu, dada. Daktari wa hospitali yenu alituandikia kulalamika, tukamjibu hivyo hivyo."

"Kumbe mlijua," Rukaiya akasema. "Umezaliwa wapi, bwana?"

"Muheza."

"Basi vaa."

Akavaa, wanawake wakasogea kutazama. Taa nyekundu ikawaka, bangili ikaanza kuandaa dozi. Shemdoe akauchomoa mkono kama aliyegusa kaa la moto.

"Mbona unautoa?" Mwanamkasi akamuuliza. "Iache ikutibu. Mwenzio nimeivaa miezi kumi na minne."

Shemdoe akatoa ufunguo, akafungua kipimo.

"Wangapi mjini wamevaa hizi?" Rukaiya akauliza.

Shemdoe akatazama mkeka. "Elfu nne."

"Kaa kitako, bwana, hutoki mpaka zote zirekebishwe," akasema Bi Mwantumu, akaenda kufunga mlango.