Dobi Aliyemwogesha Chura kwa Sabuni

Mume wangu ni dobi. Yeye anafua, mimi napiga pasi. Uani kwetu kuna mabeseni sita, kamba nne na bomba moja. Asubuhi yeye huloweka, husugua, husuuza na kuanika. Mchana mimi hupiga pasi, hukunja na kufunga. Usafi wa mume wangu usiuseme! Ukiweka kikombe mezani, ukigeuka kimeshaoshwa, na chai hujaimaliza.

Mwaka huu kitinda mimba wetu alikwenda chuo cha uuguzi, mji wa mbali. Alituachia wanyama wake watatu: kobe mmoja wa nchi kavu na vyura wawili. Alipewa na mwalimu wake wa sayansi, pamoja na kibali cha kuwafuga. Kobe alikaa kwenye sanduku kubwa la mbao. Vyura walikaa kwenye tangi la kioo lenye udongo na majani.

"Baba, nakukabidhi wewe," binti alisema. "Mama anaogopa vyura."

"Siogopi," nilisema. "Siwapendi tu."

"Nenda kasome, mwanangu," baba yake akasema. "Ukirudi utawakuta wamenona mpaka uwasahau sura."

Binti hata hajafika chuoni, baba yake alianza kunung'unika.

"Udongo ndani ya kioo! Huu si uchafu huu?"

Akamwaga udongo wote. Akachukua beseni moja la buluu, akatia maji ya bomba na mawe mawili. Akawaweka wote watatu humo.

"Sasa wana kampani," alisema. "Na mimi naosha chombo kimoja, basi."

Kila Jumamosi aliwaogesha. Kobe alisuguliwa kwa brashi. Vyura walipakwa povu la sabuni ya kufulia, kidogo tu, kisha wakasuuzwa. Kobe aling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sikujua kwamba tunawaua.

Mwezi ulipokwisha, kobe alivimba macho. Akaacha kula. Vyura nao walikuwa wekundu tumboni, na hawakuruka tena hata ukiwagusa. Asubuhi moja yule chura mdogo tulimkuta amekufa. Mume wangu aliketi kwenye kigoda, mikono imejaa povu.

Jumapili binti alipiga simu.

"Baba, wanyama wangu hawajambo?"

"Buheri wa afya!" akajibu upesi. "Wote watatu."

Nilimkazia macho. Akageukia ukutani.

Siku iliyofuata nilimwona anaingia uani na kopo lililofunikwa kwa kitambaa.

"Baba Kitinda, una nini humo?"

"Hakuna kitu."

Kile kitu kikalia, "Kroo!"

"Mungu wangu! Umeokota chura mtaroni?"

"Mama Kitinda, chura ni chura. Anafanana kabisa. Mtoto hatajua."

Alikuwa amekwishafika kwenye beseni. Wakati huohuo mteja wetu mmoja akabisha hodi. Ni daktari wa mifugo, tunamfulia makoti yake meupe kila wiki. Akamwona mume wangu na kopo lake.

"Mzee, subiri kwanza," alisema. "Huyo usimtie humo."

"Kwa nini, daktari?"

"Chura wa mtaroni anaweza kuja na ugonjwa wake. Utawamalizia hao waliobaki. Mrudishe palepale ulipomtoa."

Kisha akachutama kando ya beseni. Alimtazama kobe, akamtazama chura. Alinusa maji.

"Mmewaosha kwa sabuni?"

"Kila Jumamosi," mume wangu alisema, na kifua kikamtanuka kidogo. "Sina uvivu."

"Ndiyo shida yenyewe, mzee wangu. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Anakunywa kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo anapumua. Ukimpaka sabuni, ni kama umemnywesha."

Kifua cha mume wangu kikanywea. "Basi mimi ndiye niliyemuua yule mdogo," alisema.

Daktari hakumfichia. "Inawezekana kabisa. Hata dawa ya maji ya bomba inamdhuru. Mpe maji ya mvua. Kama hakuna, acha ya bomba yakae wazi siku nzima kabla ya kumpa."

"Na kobe?" nikauliza. "Mbona macho yamevimba?"

"Huyu ni wa nchi kavu, mama. Anataka pakavu, jua la asubuhi, na kivuli cha kujificha. Maji ni ya kunywa tu, kwenye kisahani. Ninyi mmemlaza majini mwezi mzima."

"Tuliona watazoeana," mume wangu alisema.

"Hawazoeani. Kobe anajisaidia majini, chura anayanyonya maji hayo kwa ngozi. Chura naye hutoa utomvu unaoweza kumdhuru kobe. Kila mmoja ana vijidudu ambavyo mwenzake hakuvizoea. Kila mnyama na chombo chake."

Akaligonga beseni kwa kidole. "Na hili, mnafulia?"

Nilihisi uso unaniwaka. Mabeseni mengine yakijaa, nilikuwa nawahamishia wanyama kwenye ndoo, naazima hilo la buluu nimsaidie mume wangu kusuuza. Jana yake tu nilisuuzia humo nguo za mtoto mchanga wa mteja.

"Mama, acha mara moja," daktari alisema. "Kobe na chura wanaweza kuonekana wazima na bado wana vijidudu vya kuharisha. Mtoto mchanga anaweza kuugua vibaya. Chombo cha wanyama kisitumike kufulia nguo wala kisiingie jikoni. Watoto walio chini ya miaka mitano wasiwashike kabisa."

Nguo zile nilizifua upya kwa maji ya moto kabla hazijatoka nyumbani.

"Mikono je?" mume wangu aliuliza. "Sabuni nayo imekatazwa?"

"Kabla ya kumshika chura, suuza mikono kwa maji matupu mpaka sabuni yote iishe. Ukimaliza, sasa sabuni, usugue unavyopenda."

"Kabla, maji matupu. Baada, sabuni," mume wangu akarudia. Kwa dobi hilo ni jambo gumu, lakini alilishika.

Daktari alimtibu kobe macho. Kuhusu chura hakutuahidi kitu.

Jioni ileile mume wangu alimrudisha yule wa mtaroni. Kesho yake akarudisha udongo na majani kwenye tangi, akaliweka kivulini. Sanduku la kobe akalikausha, akalisogeza penye jua la asubuhi. Beseni la buluu alilichora msalaba mwekundu, likawa la kuoshea vyombo vya wanyama tu.

Jumapili simu ilipolia, aliipokea amesimama.

"Mwanangu, nilikudanganya. Yule mdogo amekufa. Nilimwogesha kwa sabuni. Huyu mkubwa sijui kama atapona."

Binti akasema, "Nimesikia, baba," akakata.

Wiki ile mume wangu alifua shati moja mara mbili bila kujua. Siku ya nne kobe alifumbua jicho, akang'ata jani. Siku ya tisa nilimsikia mume wangu akipiga kelele uani. Nilidhani ameungua.

"Amekula! Chura amekula panzi! Njoo uone!"

Nilikwenda. Hata mimi nisiyewapenda, nilifurahi.

Binti alikuja likizo. Hakuweka begi chini, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Alimlilia yule mdogo, tena sana. Baba yake alisimama pembeni, hakujitetea. Likizo nzima binti aliongea naye maneno ya lazima tu: shikamoo, chakula tayari, kwaheri nakwenda dukani. Mume wangu alivumilia. Kila asubuhi alisuuza mikono, akabadilisha maji, akanawa kwa sabuni. Binti alikuwa akimtazama kutoka mlangoni.

Siku ya kurudi chuoni, shangazi yake alikuja kumuaga.

"Hao wanyama nipe mimi," shangazi alisema. "Baba yako ana kazi nyingi, na tunajua yaliyotokea."

Binti alifunga begi lake. "Ahsante, shangazi. Wanabaki kwa baba."

Mume wangu alikuwa anakunja shuka la mteja. Hakuinua kichwa. Shuka lile alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena, mpaka nikamnyang'anya.