Zulia la Tandiko la Aliyar

Golandam alikuwa jirani ya shangazi yangu kambini, mfumaji asiyejua kukosea fundo. Asubuhi hiyo mbuzi walikuwa wamekwisha kukamwa, naye akaketi kumalizia zulia la tandiko la farasi lililokaa kwenye kitanda cha kufumia tangu machipuko. Alilianza kwa ajili ya mumewe, Aliyar. Aliyar alikuwa mashoto, na fundo lake la kamba za hema hakuna mwingine aliyeweza kulifunga. Mto ulimchukua wakati wa kuhama, zulia likiwa halijaisha.

Kwetu, zulia la marehemu hukatwa hapo lilipofikia. Halimaliziwi. Lakini Shahbaz, mdogo wake Golandam, alikuwa anakwenda kumchukua bibi harusi, na bwana harusi hapandi tandiko tupu.

"Umelimaliza?" mama mkwe wake, mama yake Aliyar, akanong'ona.

"Sufu ni yangu, mama. Na mdogo wangu ni huyu mmoja tu."

"Haya. Asiyesikia la mkuu..."

Shahbaz akacheka. "Shemeji alinipenda. Ataniazima."

Wakalitandika. Farasi akabonyea mgongo, kama mtu amempanda. Shahbaz alikuwa bado amesimama chini.

Alipopanda, farasi hakuelekea kwa bibi harusi. Alishika njia ya mtoni. Shahbaz akavuta hatamu. Farasi hakujali. Zulia likaanza kuchuruzika maji, na mvua ilikuwa na miezi mitatu haijanyesha.

"Dada." Mzaha ulikuwa umemtoka. "Kuna mtu nyuma yangu. Amenishika kiuno."

Golandam alikimbia na mkasi wa sufu. Aliwakuta maji yamefika magotini mwa farasi. Akaudaka ukingo wa zulia, akaukata mstari wa mwisho, ule alioufuma asubuhi.

"Niachie huyu, Aliyar. Niachie."

Mstari ukaenda na maji. Farasi akainua mgongo, akashusha pumzi.

Shahbaz alioa siku hiyohiyo, juu ya farasi wa kuazima. Golandam alilikunja zulia, akalilaza chini ya magunia ya ngano.

Siku ya tatu alilitoa akalizike. Lilikuwa kamili. Mstari ulikuwa umerudi, ila mafundo hayakuwa yake. Yalikuwa ya kamba za hema, yamefungwa kishoto.

Sufu ilikuwa bado imelowa.